Merikebu ya matanga Le Ponant na utekaji wa mwaka 2008 katika Ghuba ya Aden

Le Ponant ni merikebu ya matanga yenye milingoti mitatu, iliyoundwa nchini Ufaransa mwaka 1991 kwa ajili ya safari za anasa baharini. Katika Afrika Mashariki, jina lake halikujulikana kwa uzuri wa matanga yake, bali kwa mkasa ulioipata tarehe 4 Aprili 2008, ilipotekwa na maharamia wa Kisomali katika Ghuba ya Aden ikiwa na mabaharia na wahudumu 30. Merikebu hiyo na watu wake waliachiwa baada ya juma moja, fidia ilipokwisha kulipwa. Hakuna hata mmoja kati ya mateka hao aliyepoteza maisha.

Utekaji wenyewe ulikwisha upesi, lakini matokeo yake yalidumu miaka mingi. Ulichangia kulifanya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liruhusu manowari za kigeni kuingia katika maji ya Somalia, ukazaa kesi mjini Paris na hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na ukaonyesha jinsi kuanguka kwa dola moja kunavyoweza kutikisa njia ya bahari inayotegemewa hata na nchi zisizo na pwani. Burundi ni mojawapo ya nchi hizo. Mkazi wa Itaba, katika vilima vya Gitega, huenda asiione bahari maisha yake yote. Hata hivyo sehemu kubwa ya bidhaa za viwandani anazonunua sokoni zimepita juu ya maji ya Bahari ya Hindi.

Jina na umbo la merikebu

Neno «ponant» ni neno la kale la Kifaransa lenye maana ya magharibi, yaani upande linakotua jua. Kinyume chake ni «levant», upande linakochomoza. Kampuni inayoimiliki merikebu hii ilianzishwa mwaka 1988 na maofisa wa meli za biashara wa Kifaransa waliotaka kurejesha bendera ya nchi yao katika utalii wa baharini. Le Ponant ndiyo iliyokuwa merikebu yao ya kwanza. Iliundwa Villeneuve-la-Garenne, kando ya mto Seine karibu na Paris. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilinunuliwa na CMA CGM ya Marseille, moja ya kampuni kubwa zaidi duniani za kusafirisha makontena.

Merikebu ina urefu wa mita 88 na upana wa mita 12. Wakati wa utekaji ilikuwa na vyumba 32 vya kulala, vyenye nafasi ya abiria 64. Idadi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na meli kubwa za kitalii, ambazo baadhi yake hubeba maelfu ya watu kwa safari moja. Udogo huo ndio sehemu ya thamani yake. Merikebu ndogo huingia katika ghuba na visiwa ambavyo meli kubwa haziwezi kuvikaribia, na abiria hupata utulivu na huduma ya karibu ambayo wachache wanaweza kuigharamia.

Matanga katika enzi ya mashine

Kwa watu wa pwani ya Waswahili, chombo cha matanga si jambo geni. Mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba pasipo misumari, ulikuwa na tanga la mkeka la pembe nne. Jahazi lililoufuata hutumia tanga la pembe tatu lililofungwa kwenye foromali. Vyombo hivyo vilikuwa vya kazi: vilipeleka boriti za mikoko Arabuni na kurudi na tende, chumvi na samaki wakavu.

Merikebu za matanga za kitalii ni kizazi kingine. Zilianza kuonekana kwa wingi katika miaka ya 1980 na 1990, wakati meli za mizigo zilikuwa zimekwisha kuacha upepo kwa muda mrefu. Wind Star, iliyoanza safari mwaka 1986, ilikuwa na milingoti minne na matanga yaliyoendeshwa kwa kompyuta. Mwaka 1990 Club Med 1 iliingia majini ikiwa na milingoti mitano na urefu wa mita 187. Royal Clipper, ya mwaka 2000, ina milingoti mitano na matanga 42. Umbo lake lilitokana na mfano wa merikebu ya mizigo ya Kijerumani Preussen, iliyoundwa mwaka 1902.

Katika nyingi za merikebu hizi, baharia hahitaji tena kupanda mlingoti ili kukunja tanga. Matanga huviringishwa na kufunguliwa kwa mashine, na ofisa aliye karibu na usukani huyaongoza kwa kubonyeza vitufe. Chini ya sitaha kuna injini, kwa sababu abiria waliolipia safari ya siku saba wanatarajia kufika bandarini siku iliyopangwa, upepo uwepo au usiwepo. Kwa hiyo matanga husaidia kusukuma chombo, hupunguza matumizi ya mafuta hali ya hewa inaporuhusu, na humpa msafiri furaha ya kusikia maji pasipo ngurumo ya mashine.

Lakini umbo linalompendeza mtalii ndilo linaloweza kuiponza merikebu. Le Ponant haina ubavu mrefu kama wa meli ya makontena, na mwendo wake ni wa polepole. Mashua ndogo yenye injini ya nje inaweza kuzidi maili 20 za baharini kwa saa, na kuifikia kabla msaada haujawasili. Katika maji yenye amani hilo si tatizo. Mwaka 2008 Ghuba ya Aden haikuwa na amani.

Pwani ya Somalia kabla ya utekaji

Mwaka uleule merikebu hii ilipoundwa, serikali ya Somalia ilianguka. Rais Siad Barre alikimbia Mogadishu mwezi Januari 1991, na nchi yenye pwani ndefu kuliko zote katika Afrika bara ikabaki bila jeshi la majini wala walinzi wa pwani. Meli za uvuvi kutoka nchi za mbali ziliingia bila ruhusa na kuvua zitakavyo, na wavuvi wenyeji walilalamika kwamba nyavu zao zilikatwa na samaki wao kuporwa. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Indonesia yalifika hadi Puntland, kaskazini mashariki mwa Somalia, yakaua watu na kuvunja mashua nyingi.

Baadhi ya wavuvi walijitangaza kuwa walinzi wa bahari na kuanza kuzikamata meli za kigeni ili kutoza kile walichokiita faini. Faida ilipoonekana, wafadhili wenye fedha na watu wenye silaha walijiunga, na malalamiko yakageuka kuwa biashara ya utekaji. Walioshambuliwa hawakuwa tena wezi wa samaki peke yao. Meli zilizobeba chakula cha msaada cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kilichokusudiwa Wasomali wenyewe, nazo zilivamiwa, hata kuanzia Novemba 2007 zikalazimika kusindikizwa na manowari.

Msimu nao ulikuwa na nafasi yake. Mabaharia wa pwani hugawa mwaka kwa pepo: kaskazi huvuma kuanzia mwezi Desemba hadi karibu Machi, na kusi hushika nguvu katikati ya mwaka. Kati ya pepo hizo kuna kipindi cha malelezi, upepo unapolegea na bahari kutulia. Kusi ikichafuka, mashua ndogo haziendi mbali na pwani. Bahari ikitulia, huweza kwenda popote. Mashambulizi ya maharamia yalifuata kalenda hiyo ya zamani. Le Ponant ilipita katika ghuba hiyo mwanzoni mwa Aprili.

Juma moja la utekaji

Merikebu ilikuwa imemaliza msimu wake katika visiwa vya Shelisheli na ilikuwa ikielekea Bahari ya Mediterania kuanza msimu wa kiangazi cha Ulaya. Haikuwa na abiria. Waliokuwamo walikuwa watumishi 30 peke yao, wanaume kwa wanawake, wengi wao wakiwa Wafaransa pamoja na kundi la Wafilipino. Nahodha alikuwa Patrick Marchesseau.

Tarehe 4 Aprili 2008 mashua za maharamia ziliikaribia, na watu wenye silaha wakapanda na kushika usukani. Merikebu ililazimishwa kugeuza njia na kuelekea pwani ya mashariki ya Somalia, ambako ilitia nanga mbele ya vijiji vya Puntland. Manowari ya Ufaransa Commandant Bouan iliifuata kwa mbali. Serikali ya Paris ilituma makomando, ambao baadhi yao waliruka kwa miavuli na kutua baharini karibu na manowari zilizokuwa zikiwasubiri. Frigeti Jean Bart na meli ya helikopta Jeanne d'Arc nazo zilisogea.

Operesheni hiyo ya kijeshi ilipewa jina la Thalathine, neno la Kiarabu lenye maana ya thelathini, kwa hesabu ya mateka. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa. Chimbuko lake ndilo lile la neno letu, lililofika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ileile ya bahari.

Mazungumzo yaliendeshwa kwa simu kati ya wenye merikebu na watekaji. Nguvu haikutumika wakati mateka wakiwa bado mikononi mwa maharamia, kwa kuwa shambulio lolote lingeweza kuwagharimu maisha. Fidia ya dola za Marekani zaidi ya milioni 2 ililipwa na mwenye merikebu, na serikali ya Ufaransa ikasisitiza kwamba fedha za umma hazikutumika. Tarehe 11 Aprili mateka wote waliachiwa. Siku tatu baadaye walitua katika uwanja wa ndege wa Orly, karibu na Paris, wakapokewa na Rais Nicolas Sarkozy.

Msako wa nchi kavu

Mara mateka walipokuwa salama, helikopta za Ufaransa ziliwafuata baadhi ya watu walioshukiwa kuwa maharamia, waliokuwa wakitoroka kwa gari jangwani. Mlenga shabaha aliyekuwa angani aliipiga injini ya gari, nalo likasimama. Watu sita walikamatwa, na sehemu ndogo ya fedha za fidia ikapatikana. Sehemu kubwa haikuonekana tena.

Maofisa wa eneo hilo walidai kwamba wakazi kadhaa waliuawa katika msako huo. Jeshi la Ufaransa lilikanusha na kusema hakuna aliyekufa. Kauli hizo mbili hazikupatanishwa hadharani.

Ufaransa iliingia katika ardhi ya Somalia kwa idhini ya serikali ya mpito iliyoongozwa na Rais Abdullahi Yusuf. Serikali hiyo ilikuwa dhaifu, haikulidhibiti hata jiji la Mogadishu lote, na usalama wake ulitegemea kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Wanajeshi wa kwanza wa Burundi walikuwa wamewasili katika kikosi hicho mwezi Desemba 2007, miezi minne kabla ya utekaji. Hivyo wakati Wafaransa wakizungumza na maharamia pwani ya Puntland, vijana wa Burundi walikuwa tayari wakilinda Mogadishu. Kazi hizo mbili zilitokana na chanzo kimoja, nacho ni ukosefu wa dola.

Sheria iliyobadilishwa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaieleza uharamia kuwa ni uhalifu unaotendeka katika bahari kuu, mahali pasipo mamlaka ya nchi yoyote. Nchi yoyote inaweza kuwakamata maharamia huko. Lakini ndani ya maili 12 za baharini kutoka ufukweni, mamlaka ni ya nchi yenye pwani. Maharamia wa Somalia walilifahamu hilo kwa vitendo: walishambulia mbali, kisha wakakimbilia ndani ya mpaka huo, mahali ambapo manowari za kigeni hazikuwa na haki ya kuwafuata na ambapo serikali ya Somalia haikuwa na uwezo.

Baada ya mkasa wa Le Ponant, Ufaransa na Marekani zilishinikiza hatua mpya. Tarehe 2 Juni 2008 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1816, lililoziruhusu nchi zinazoshirikiana na serikali ya mpito kuingia katika maji ya Somalia na kutumia njia zote zinazohitajika kuzuia uharamia. Ruhusa ilikuwa ya miezi sita na ilihusu Somalia peke yake, ili isigeuke kuwa desturi ya kuvunja mipaka ya nchi nyingine. Iliendelea kuongezwa muda hadi ilipokoma mwezi Machi 2022. Mwezi Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni ya majini iitwayo Atalanta.

Wahalifu walipokamatwa lilizuka swali jingine: nani atawahukumu? Mwezi Machi 2009 Kenya ilikubaliana na Umoja wa Ulaya kuwapokea washukiwa, na mwezi Juni 2010 mahakama yenye ulinzi maalumu ilifunguliwa Shimo la Tewa, Mombasa. Shelisheli nayo iliendesha kesi nyingi. Ufaransa yenyewe ilipitisha sheria mpya ya kupambana na uharamia tarehe 5 Januari 2011.

Paris na Strasbourg

Wale sita waliokamatwa jangwani walisafirishwa hadi Ufaransa na kuwekwa kizuizini. Kesi yao ilisikilizwa mjini Paris mwaka 2012, miaka minne baada ya tukio. Baadhi yao walijitetea kwamba hawakuwa watekaji, bali walijikuta karibu na merikebu kwa biashara ndogondogo au kwa kulazimishwa. Tarehe 14 Juni 2012 mahakama iliwatia hatiani watu wanne na kuwapa vifungo vya kati ya miaka 4 na 10. Wawili waliobaki waliachiwa huru, kwa kuwa hatia yao haikuthibitika. Walikuwa wamekaa gerezani miaka minne, katika nchi ya mbali na lugha isiyo yao.

Suala halikuishia hapo. Washtakiwa walipeleka malalamiko katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Tarehe 4 Desemba 2014 mahakama hiyo iliamua kwamba Ufaransa ilikosea. Majaji walikubali kwamba muda uliopita baharini na safarini ulikuwa na sababu, kwani Somalia iko mbali. Lakini baada ya kutua Ufaransa, washukiwa walishikiliwa na polisi kwa saa 48 nyingine badala ya kufikishwa haraka mbele ya jaji. Katika uamuzi huo, na katika kesi nyingine ya aina hiyo iliyotolewa siku hiyohiyo, Ufaransa iliamriwa kulipa kati ya euro 2,000 na 5,000 kwa kila mlalamikaji.

Wapo waliokasirika kusikia watu waliotiwa hatiani kwa uharamia wakilipwa fedha. Mahakama haikusema kwamba utekaji ulikuwa halali. Ilisema kwamba haki ya kufikishwa mbele ya jaji ni ya kila aliyekamatwa, na kuachiliwa kwa watu wawili kati ya sita kunaonyesha sababu ya haki hiyo kuwepo: kabla ya hukumu, hakuna ajuaye kwa hakika nani ni mwizi na nani alipita tu karibu na mzigo wa wizi.

Bahari na nchi isiyo na pwani

Mkataba wa Sheria ya Bahari una sehemu nzima, ya 10, inayohusu haki ya nchi zisizo na pwani kuifikia bahari na kupitisha mizigo katika nchi jirani. Kwa Burundi, njia kuu ya bahari huanzia Dar es Salaam. Mizigo hupandishwa malori, huvuka Tanzania na kuingia kwa mpaka wa Kobero; mingine hupelekwa Kigoma na kuvushwa katika Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura. Lori linalopanda kuelekea Gitega likiwa na vipuri, dawa, mbolea au vitambaa ni mwisho wa safari iliyoanza bandari za Asia, Ulaya au Arabuni.

Meli ikipita katika eneo la hatari, mwenye meli hulipa bima ya vita, walinzi wenye silaha, na mafuta ya ziada kwa kuongeza mwendo au kuzunguka mbali. Gharama hiyo haibaki baharini. Hugawanywa katika kila kontena, kisha katika kila gunia na kila boksi, hadi imfikie mnunuzi wa mwisho. Bandari za Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa ndani ya bahari ileile ambamo maharamia walitanua shughuli zao. Mwezi Septemba 2008 waliiteka Faina, iliyokuwa ikipeleka vifaru 33 Mombasa. Mwezi Aprili 2009 waliivamia Maersk Alabama, iliyokuwa na chakula cha msaada na ikielekea bandari hiyohiyo. Mwezi huohuo meli ya kitalii MSC Melody ilishambuliwa karibu na Shelisheli, ikafanikiwa kujinasua.

Mwaka 2011 Ofisi ya Kimataifa ya Masuala ya Baharini ilihesabu mashambulizi 237 ya maharamia wa Kisomali. Mwaka 2012 yalishuka hadi 75, na mwaka 2013 hadi 15. Waliosaidia ni wengi: manowari za mataifa mbalimbali, walinzi ndani ya meli, mahakama za Kenya na Shelisheli, na maendeleo ya utawala katika nchi kavu ya Somalia. Manowari peke yake haizuii uharamia, kwani haramia hahitaji zaidi ya mashua, ngazi, bunduki na kijiji kisicho na mwenye mamlaka.

Hali ya sasa

Tarehe 1 Januari 2023 mashirika ya meli yaliondoa Bahari ya Hindi katika orodha ya maeneo yenye hatari kubwa ya uharamia. Nafuu hiyo haikudumu sana. Mwezi Desemba 2023 meli ya mizigo Ruen ilitekwa, ikakombolewa na jeshi la majini la India mwezi Machi 2024, watekaji 35 wakijisalimisha. Wakati huo manowari nyingi zilikuwa zimeelekezwa Bahari ya Shamu, ambako Wahouthi wa Yemen walikuwa wakizishambulia meli, na pengo lililoachwa lilionekana na waliokuwa wakilisubiri.

Le Ponant bado inasafiri. Mwaka 2022 ilifanyiwa ukarabati mkubwa: vyumba vyake vilipunguzwa kutoka 32 hadi 16, ili ichukue abiria 32 tu na kuwapa nafasi pana zaidi. Anayeiona leo ikiwa imetweka matanga yake meupe haoni alama yoyote ya mwaka 2008. Alama zimebaki kwingine: katika maazimio ya Umoja wa Mataifa, katika sheria za Ufaransa, katika hukumu ya Strasbourg, na katika mikataba ya bima ambayo wenye meli huisoma kwa makini kila wanapopanga safari ya kwenda Mombasa au Dar es Salaam.